Mungu Hatumi Vishawishi Kambu

Miongoni mwa waumini wa Kambu, mji ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, imezoeleka kuamini kwamba kila kishawishi, yaani kila mvuto unaomwelekeza mtu kwenye dhambi, hutumwa na Mungu ili kumkomaza mja wake. Imani hiyo huvaa vazi la unyenyekevu, ilhali inamsingizia Mungu kazi ambayo Waraka wa Yakobo, katika sura ya kwanza, unakana kabisa kuwa ni yake, ukifundisha kwamba mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe.

Watetezi wa imani hiyo hukimbilia kisa cha Ibrahimu aliyetakiwa kumtoa mwanawe, wakisahau kwamba kuupima utii wa mtu si kumchochea atende uovu, na kwamba katika kisa hicho ni Mungu huyohuyo aliyeuzuia mkono wenye kisu. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba Mungu huviruhusu vishawishi kwa kuwa amempa binadamu hiari, yaani uwezo wa kuchagua, ambayo ingekuwa jina tupu kama isingeweza kukosea. Lakini ruhusa si amri.

Madhara ya kuyachanganya mawili hayo hudhihirika zaidi katika nchi kame kama Makueni na Kitui, ambako mvua zikikosekana, mwanamke anayeshawishiwa na fedha za dereva wa lori, au kijana anayechota mchanga wa mto bila kibali, kinyume cha sheria ya Kaunti ya Makueni ya mwaka 2015, huambiwa kuwa Mungu anamjaribu, kana kwamba njaa yake haina chanzo hapa duniani. Wazee wa eneo hilo la Ukambani, ambao hawakusomea theolojia, walikuwa makini zaidi: njaa ya mwaka 1961 waliiita ya ndege, kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka angani, na ile ya mwaka 1984 wakaiita Nikw'a Ngwete, yaani kufa fedha zikiwa mkononi, kwa kuwa cha kununua hakikuwapo. Majina hayo yanaelekeza kwenye msaada na soko, mambo ya hapa duniani; Mungu hakutajwa.

Mtume Paulo, katika sura ya 10 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anaahidi kwamba penye jaribu Mungu huweka na njia ya kutokea. Wahubiri wengi hulisoma fungu hilo kwa kukazia ustahimilivu wa anayejaribiwa na kuipita haraka njia yenyewe, ambayo Kambu mara nyingi ni gunia la mahindi au karo ya muhula mmoja, vitu ambavyo ushirika ungeweza kuvitoa. Wazee wa kanisa wanaomtenga aliyeanguka wangepaswa, kabla ya kumdai toba, kuusomea ushirika hesabu ya sadaka zote za mwaka wa ukame alipoanguka.