Gari lililomwona mtoto limwambie la nyuma

Dereva wa matatu akikumulikia taa barabarani, hakupigii hadithi. Hakwambii makarao wako wangapi wala wamesimama upande gani. Unapata neno moja, unapunguza mwendo, basi. Wahandisi wanaotaka magari yaongee kwa mawimbi ya redio wanahangaika na jambo hilo hilo: liseme nini, linyamazie nini.

Kamera na rada za gari la kisasa zinazalisha data nyingi ajabu. Magari 200 kwenye foleni ya Thika Road yakirushiana video, mawimbi yanajaa na hakuna anayesikika. Kwa hivyo gari huchambua lenyewe, kisha hutuma muhtasari tu: kuna mtu, yuko hapa, anaelekea kule, kwa kasi hii. Na kama gari jingine limeshamtaja mtu huyo, halina haja ya kurudia.

Ujumbe wa kawaida wa magari haya, unaotumwa hadi mara 10 kwa sekunde, husema tu "mimi niko hapa". Kwetu hiyo haitoshi hata kidogo. Boda haina kifaa hicho. Mama anayevuka na mtoto hana, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaouawa kwenye barabara za Kenya. Basi lililosimama stejini limemwona mama yule; wewe unayetaka kulipita humwoni. Basi likikwambia, unashika breki.

Shida ni kwamba magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Unazikumbuka redio zake? FM nyingi ziliishia 90, ukalazimika kununua kidude ndio upate stesheni za huku. Mfumo wa Toyota wa magari kuongea, uliozinduliwa Japani 2015, unatumia megahezi 760. Ulaya na Marekani wako gigahezi 5.9. Huku kwetu masafa ya 700 ni ya mitandao ya simu.

Mamlaka ya Mawasiliano na NTSA waseme mapema gari linaloshushwa Mombasa liongee kwa masafa gani, na liseme limeona nini, si liko wapi pekee. Marekani ilitenga megahezi 75 mwaka 1999, ikavutana miaka na miaka, na 2020 ikaamua 45 ziende kwa Wi-Fi. Sisi tunaruhusu gari la hadi miaka 8, kumaanisha lile utakalonunua ukishapata kazi ya maana huenda liko kiwandani leo.