Masoda wa parachuti wa Kolwezi: majina yao iko wapi?



Kila mwaka, mwezi wa tano ukifika, huku Kolwezi wazee wanaanza tena kuzungumuza vita ya 1978. Tarehe 13 mwezi wa tano, wapiganaji wa FNLC waliingia mu muji. Tarehe 19, askari wa Ufaransa wa Légion étrangère, wa 2e REP, waliruka na parachuti. Habari ile tunaijua. Iliandikwa mu vitabu, na mu 1980 Wafaransa waliitengenezea hata filme. Askari wao watano walikufa, na majina ya wale watano yanajulikana.

Lakini kuko wengine wenye waliruka siku tatu mbele yao. Tarehe 16 mwezi wa tano 1978, kompani moja ya paras wa Zaire ilitupwa na ndege juu ya Kolwezi. Walikuwa watoto wa inchi hii. Walikuwa wachache, adui alikuwa anawangojea chini, na hakukuwa mutu wa kuwasaidia. Karibu wote waliuawa. Sasa mie ninauliza: ni nani kati yetu anaweza kutaja hata jina moja?

Mie ni mutu wa sendika, siko mutu wa jeshi. Lakini sisi wa chini ya udongo tunajua kitu kimoja. Mufanyakazi akishuka, anaacha jetoni yake. Akipanda, anaikamata. Jetoni ikibakia pale ku ukuta wakati saa ya kazi imeisha, hakuna mwenye kwenda ku nyumba. Tunauliza: ni ya nani hii? Yuko wapi? Hata kama ni maiti, lazima apande, lazima muke wake ajue. Jetoni za wale paras wa tarehe 16 zingali ku ukuta. Imepita miaka mingi, na hakuna mwenye kuuliza ni za nani.

Watu wengine wanazani kuruka na parachuti ni mambo ya kujionyesha siku ya défilé. Hapana, wandugu. Kazi ile inafanana na yetu: uzima wako uko mu mikono ya mutu mwenye hauoni. Askari hafungui parachuti yake ya kwanza yeye mwenyewe. Kuko kamba yenye kufungwa mu ndege, ndiyo inaivuta akitoka. Kama yule mwenye aliikunja alikuwa amechoka, ao kitambaa kimezeeka mu depo yenye kuvuja maji, askari atajua tu wakati yuko mu hewa. Anabakia na ile ndogo ya ku kifua, na sekunde chache za kuifungua. Ndiyo sababu mu jeshi lenye mupango, kila parachuti iko na kitabu chake, na mwenye kuikunja anatia sinyatire. Sawa vile sisi tunapaswa kuwa na kitabu cha kamba, cha treyi na cha boriti.

Hata ikifunguka vizuri, hatari haijaisha. Parachuti ya jeshi ya aina ya T-10, yenye ilitumikishwa sana mu miaka ile, haina usukani: upepo ndio unachagua fasi utaangukia. Na kugusa udongo ni kama kuruka kutoka ku ukuta wa metre mbili, na muzigo wa bunduki na lisasi ku mwili. Miguu inavunjika, mugongo unavunjika. Hata wale Wafaransa wa 1978 waliruka na T-10 za jeshi la Zaire, zenye hawakuzoea, na magunia yao hayakufungika nayo vizuri. Wenye walijua ile kazi zaidi walikuwa na woga juu ya vyombo. Basi kijana mwenye angali anajifunza, yeye aseme nini?

Ninasema hivi juu ya jirani yetu mumoja. Mutoto wake aliacha masomo, akaingia jeshi, akachaguliwa kwa mazoezi ya kuruka. Mama alijisifu mu kampi yote. Siku moja wakaleta habari: amekufa ku mazoezi. Wakasema tu, “ni ajali.” Hakuna mwenye alimuelezea ni kamba, ni upepo, ao ni nini. Tulipomaliza kilio, alianza kutembea na karatasi, leo ofisi hii, kesho ofisi ile. Mukubwa mumoja alimujibu: “Mama, mutoto wako hakufia ku vita.” Neno lile lilimuumiza kupita kifo chenyewe.

Nilikuwa pale, na nilijisemea: neno hili ninalijua. Mara ngapi tumesikia shefu anasema, “Hakufia ku kazi, alikuwa ameshamaliza saa yake”? Ao, “Ni yeye mwenyewe hakuvaa kaske”? Mutu akishakufa, watu wa ofisi wanatafuta mulango wa kutokea. Askari mwenye anakufa ku mazoezi amekufia kazi ya inchi. Hakuruka juu ya kucheza. Aliruka juu walimuamuru aruke.

Ninajua kuko wenye watanikasirikia. Watasema: “Wewe mutu wa sendika, unataka tuheshimu masoda wa Mobutu? Umesahau vile walitutesa, walituibia?” Sijasahau. Baba yangu alikuwa mufanyakazi wa Gécamines na alinielezea yote. Tena ninajua kama ku upande wa FNLC kulikuwa watoto wa Katanga, na wao pia mama zao walilia. Na wafanyakazi na wakaaji wenye walikufa siku zile, weusi na weupe, walikuwa mamia. Lakini kuandika jina la maiti siyo kusifu serkali yenye ilimutuma. Kijana wa miaka makumi mbili hakuchagua vita. Mwenye alimutupa mu muji wenye kujaa maadui, na watu kidogo vile, ndiye anapaswa kujibu. Na kama hatuandiki majina, yule mwenye kupaswa kujibu anapona, juu bila jina hakuna hesabu.

Basi ninaomba mambo tatu. Ya kwanza: majina ya paras wa tarehe 16 yatafutwe na yaandikwe hapa Kolwezi, na pembeni yao majina ya wakaaji wenye walikufa. Ya pili: kifo cha mazoezi kihesabiwe kuwa kifo cha kazi. Kifanyiwe ankete, jamaa ielezwe sababu, mujane na mayatima wapate haki yao sawa na wa vita. Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa: heshima ianze wakati mutu angali muzima. Askari aone kitabu cha parachuti yake mbele ya kupanda ndege, na akiona sinyatire hakuna, akatae bila kutiwa buloko. Sisi pia tulipigania haki ya kukataa kuingia chini ya mwamba wenye haujashikiliwa. Walituita wavivu. Lakini kuko wababa wenye wangali wanakula na watoto wao juu walikataa siku ile.

Maua na clairon ni vizuri, lakini maua haichunguze kamba.

Wazee wa Musonoi, wa Luilu, wa Manika, ninyi mulikuwa pale. Mutu akikumbuka jina, ao fasi wenye walizikwa, ao barua ya mama mwenye alikuja kutafuta mutoto wake, asikae kimya. Akuje ku sendika, tutaandika mu kayé. Hata jina moja ni mwanzo. Mwaka wenye kuja, tarehe 16 mwezi wa tano, tuwe na kitu cha kusoma kwa sauti.