Yomi Iitwe Kuzimu

Wanaosimulia hadithi za Kijapani kwa Kiswahili hukwama wakifika Yomi, makao ya wafu katika masimulizi ya Shinto. Wapo wanaoyaita jehanamu, wapo wanaosema ahera. Sisi tunaona neno linalofaa tunalo tangu zamani: kuzimu.

Tuitazame hadithi yenyewe kama ilivyo katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712. Mungu wa kike Izanami anafariki kwa kuungua alipomzaa mungu wa moto. Mumewe, Izanagi, anamfuata Yomi kumsihi warudi. Izanami anamwambia amechelewa, kwani yeye keshakula chakula cha huko. Hata hivyo ataomba ruhusa, ila mumewe asimtazame. Izanagi anachoka kungoja, anavunja jino la kitana chake, analiwasha, na kuuona mwili wa mkewe umejaa funza. Anakimbia na kuiziba njia kwa jiwe kubwa. Mke anaapa kuua watu 1,000 kila siku. Mume anajibu kwamba atajenga vibanda 1,500 vya kuzalia kila siku.

Hukumu iko wapi hapo? Izanami hakutenda dhambi, alikufa akizaa. Hapana mizani, hapana moto wa adhabu, wala wema hawatengwi na waovu. Kinachomfunga ni chakula alichokula. Naye mumewe akitoka anakwenda kuoga, kwa kuwa mauti yamemtia najisi. Jehanamu bila adhabu ni jehanamu gani? Ahera nayo, neno tulilolipata kwa Kiarabu, huja na kiyama na hesabu ya matendo.

Tutaambiwa kwamba katika mahubiri na filamu za siku hizi, kuzimu ni kwa mashetani. Ni kweli. Lakini neno hilo ni ndugu wa mzimu, na kwa asili ni huko waliko wafu, wema kwa wabaya. Wajapani wenyewe waliliandika jina la Yomi kwa herufi za Kichina zenye maana ya chemchemi za manjano, yaani kuzimu ya Wachina. Nao walitafuta neno la jirani.

Kwetu tunaojifunza Kiswahili ughaibuni, jambo hili si dogo. Neno moja ndilo litakaloamua kama msomaji atamwona Izanami mama aliyefariki kwa uzazi, au mkosaji anayeadhibiwa. Tunawaomba wenzetu na walimu wetu: tusimhukumu kwa tafsiri.