Goti na Kombe

Kombe la ushindi huwekwa katika kabati la shule, na goti lililoharibika kwa kulitafuta hubaki mwilini mwa mtoto. Kombe hupanguswa vumbi mara chache kwa mwaka. Goti huuma kila siku. Juu ya jambo hili, msomaji, nataka kusema nawe bila kificho, kwa kuwa goti ni lako.

Ndani ya goti mna kano mbili zilizopishana mfano wa msalaba, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ukano wa mbele huuzuia muundi usiteleze kwenda mbele, na hulizuia goti lisizunguke kupita kiasi. Ukano huo hukatika ghafula, na mara nyingi hapana mtu aliyemgusa mchezaji. Alikuwa akikimbia, akageuka upesi. Au aliruka kupiga mpira kwa kichwa, akatua kwa mguu mmoja, na goti likapinda kwa ndani. Husikia mlio ndani ya kiungo, huanguka, na kabla ya usiku goti huwa limevimba.

Tazama basi yanayofuata katika viwanja vya Suna wakati shule zinaposhindana. Kijana huinuliwa, humwagiwa maji, hufungwa kitambaa, huambiwa, “Jikaze, wewe ni mwanamume.” Jioni hukandwa kwa maji ya moto na majani. Baada ya wiki mbili au tatu uvimbe hupungua, naye hutembea vema njiani; watu wote husema amepona. Hurudishwa kiwanjani kwa ajili ya fainali. Hugeuka mara moja tu, na goti humtupa chini. Safari hii hata gegedu lililo kati ya mifupa limechanika.

Simlaumu mkandaji. Mkono wake huweza kutuliza nyama zilizochoka. Lakini ukano huu umo ndani kabisa ya kiungo, na mkono hauufikii. Nao ukiisha kukatika, mara chache huunga vema wenyewe. Kupungua kwa uvimbe si kupona. Goti lisilo na ukano huu huweza kumchukua mtu katika njia iliyonyoka, likamwangusha penye kona.

Leah Williamson, nahodha wa timu ya wanawake ya Uingereza, aliumia ukano huo Aprili 2023. Alikosa Kombe la Dunia lililochezwa Australia na New Zealand mwaka ule, akarudi kucheza Januari 2024. Alikuwa na madaktari bora na kila chombo alichohitaji, na bado alingoja miezi tisa. Je, ni majani gani yafanyayo kwa wiki tatu kazi iliyowachukua mabingwa wale miezi tisa? Si kila aumiaye lazima apasuliwe. Wako wanaorudishiwa nguvu kwa mazoezi ya uangalizi. Lakini hukumu hiyo ni ya daktari, wala si ya mwalimu wa michezo mwenye fainali kesho.

Nitajibiwa kuwa sisi ni maskini, na kuwa upasuaji wa goti ni gharama kubwa. Hoja hiyo yanisaidia mimi. Asiye na fedha ya kutibu ndiye apaswaye zaidi kukinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yako mazoezi ya dakika 20 yaliyotungwa kwa msaada wa FIFA: kukimbia polepole, kuimarisha mapaja na kiuno, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yameelekea mbele. Hayahitaji mashine wala fedha. Yalijaribiwa Lagos, Nijeria, kwa vijana 416 wa timu 20, na habari zake zikatolewa mwaka 2014: katika timu zilizoyafanya, majeraha ya kila namna yalikuwa pungufu kwa asilimia 41. Lagos si Ulaya. Lililowezekana huko lawezekana Suna.

Nanyi wasichana, jueni ya kuwa hatari ya kukatika ukano huu ni mara mbili au zaidi kwenu kuliko kwa wavulana wa mchezo ule ule. Asitokee mtu wa kulifanya neno hili sababu ya kuwafukuza kiwanjani. Ni sababu ya kuwapa mazoezi kwanza, na mwalimu ayajuaye.

Maisha ya kijana wa Suna hayaishi kwa kipenga cha mwamuzi. Kesho atalima shamba la mama yake, atakata miwa Awendo, au atavuta nyavu Muhuru. Kazi zote hizo zataka magoti mawili mazima. Shule inayomrudisha mgonjwa kiwanjani yatumia mali isiyo yake, na deni hulipwa na mtoto peke yake.

Basi, msomaji, mwombe mwalimu wako dakika 20 kabla ya mpira. Mwenzako akianguka na goti likavimba, usimwambie ajikaze, mpeleke hospitalini. Na siku utakapoitwa kucheza kwa goti bovu, sema hapana. Watakuita mwoga jioni moja. Lakini utatembea kwa miguu yako miaka mingi baada ya wao kulisahau neno hilo.