Kilimanjaro haina dubu, lakini chakula hemani ni hatari

WAGENI wanaofika Moshi kwa ajili ya kupanda Mlima Kilimanjaro huhofia zaidi baridi na uhaba wa hewa. Wachache hukumbuka kwamba safari yao huanzia katika msitu wenye tembo, nyati na chui.

Huko Amerika Kaskazini, wapiga kambi hufundishwa kuweka chakula mbali na mahema ili dubu asifuate harufu. Kilimanjaro haina dubu, lakini somo hilo linaihusu.

Kima na kunguru hutambua upesi kambi yenye mabaki ya chakula, na mnyama aliyezoea kulishwa hupoteza woga kwa binadamu.

Upande wa magharibi, inakopita njia ya Lemosho, tahadhari inahitajika zaidi. Ushoroba wa Kitendeni, unaounganisha mlima huo na Amboseli nchini Kenya, umebanwa na mashamba, hivyo tembo na watu hukutana mara kwa mara. Huko ni busara kutembea kwa kundi, kutotoka hemani usiku bila tochi, na kumwachia tembo njia badala ya kumsogelea kwa kamera.

Hata hivyo, kinga hiyo haiwafikii wote sawasawa. Wakati mgeni ana hema lake, baadhi ya wapagazi hulala katika hema la kulia chakula, penye harufu na masalia.

Mzigo wa mpagazi hupimwa getini usizidi kilo 20. Iwapo kilo zinahesabiwa, hakuna sababu ya mahema ya wapagazi kutohesabiwa.