Amana ya mtoto haiishi hogo linapofunguliwa



Ndugu Waislamu, miongoni mwa mivunjiko inayowapata sana watoto wa miaka 5 hadi 7 ni ule wa juu kidogo ya kiwiko, mtoto aangukapo kutoka mwembeni na kutanguliza mkono. Mfupa, kwa rehema za Mola, huunga upesi. Mara nyingi hogo hufunguliwa baada ya wiki 3 au 4. Kinachobaki ni kiungo, na hapo ndipo wazazi wengi hulegea. Mkono umekakamaa, haukunjuki wala haukunjiki, na nauli ya kumrudia daktari bingwa mjini haipo. Jirani anashauri mtoto akandwe. Basi huvutwa mkono huku analia, ilhali kukanda kwa nguvu kiwiko cha namna hiyo huweza kuzidisha ukakamavu, na hata kuufanya mfupa uote ndani ya msuli.

Pengo hili ndilo linaloweza kuzibwa na tiba kwa njia ya simu. Si jambo la jana. Hospitali ya Glasgow Royal Infirmary, Uingereza, ilianza mwaka 2011 utaratibu wa daktari bingwa kupitia picha za eksirei za waliovunjika na kuwaelekeza kwa simu, na maradhi ya Korona yalipoingia mwaka 2020 mambo ya namna hiyo yalienea.

Kazi ya mzazi ni nyepesi: mtoto anyooshe mikono yote miwili kadiri awezavyo, kisha aikunje, naye apigwe picha kwa ubavuni, simu ikiwa usawa wa kiwiko. Daktari hulinganisha mkono mzima na ulioumia, na picha za leo na za mwezi uliopita.

Mafakihi wetu waliandika kwa kirefu hata juu ya kupangusa maji juu ya bendeji ya mfupa uliovunjika wakati wa udhu; hawakuidharau mivunjiko. Nao wana kanuni kwamba njia hufuata hukumu ya lengo lake. Kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, naona kwamba familia isiyomudu safari, ikaacha ufuatiliaji huu ilhali unapatikana, imepuuza haki ya mtoto.

Hata hivyo, Mtume (S.A.W.) amefundisha pia kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Basi anayepokea picha awe tabibu anayejulikana, na bora zaidi yule aliyemtibu mtoto. Picha hizo zisizungushwe kwenye kundi la ukoo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti.

Na ikiwa hogo bado limefungwa, vidole vikawa baridi, vikapauka au kufa ganzi, au maumivu yakazidi vinaponyooshwa, mtoto apelekwe hospitali usiku huo huo bila kusubiri jibu la simu, kwani msuli uliokosa damu hufa kwa saa chache.