Baada ya Upasuaji wa Nyongo: Subira Si Kunyamaza



Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa na vijiwe vya nyongo. Akatolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo, na kesho yake akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya tatu tulikwenda kumzuru pamoja na ahali yetu, tukamkuta jikoni akiwakaangia wageni mahamri. "Vidonda vyenyewe ni vidogo mno," wakasema watu wa nyumba yake, "amekwisha pona."

Siku ya sita ahali yetu alirudi, akamwona macho yamekuwa manjano. Kumbe tangu juzi mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, naye amenyamaza. Alipoulizwa sababu, alijibu: "Nasubiri."

Hospitalini ilibainika kuwa kijiwe kimoja kilikuwa kimekwama katika mfereji wa nyongo. Madaktari walikitoa kwa mpira mwembamba upitishwao kinywani. Leo ni mzima, alhamdulillah.

Tiba hii ni neema. Zamani tumbo lilipasuliwa kwa mkato mrefu. Leo matundu madogo, aghalabu manne, yatosha, na wengi hurudia shughuli nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Lakini udogo wa jeraha la nje usitughuri, kwani ndani kiungo kizima kimeondolewa. Ndoo za maji, magunia na kubeba watoto vingoje mpaka daktari atoe ruhusa.

Yako mambo yasiyopasa kutisha. Maumivu ya bega kwa siku mbili tatu hutokana na hewa iliyojazwa tumboni wakati wa upasuaji. Choo chepesi wiki za mwanzo huwapata baadhi ya watu, kwa kuwa nyongo sasa yatiririka kutoka ini hadi utumbo bila ya ghala la kuihifadhi. Basi mgonjwa ale kidogo kidogo, na vyakula vya mafuta mengi avirudie taratibu.

Ama yafuatayo hayangoji kesho: homa na kutetemeka, tumbo kuvimba, au maumivu yazidiyo badala ya kupungua, kutapika kusikokoma, macho manjano, mkojo mweusi au choo cheupe, kidonda kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kubana. Huenda nyongo yavuja ndani, mfereji umejeruhiwa, au damu imeganda. Ni nadra, lakini kuchelewa huzidisha madhara. Mgonjwa arejeshwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Mama zetu, dini yetu ni nyepesi. Asiyeweza kusimama katika swala, aswali kwa kukaa. Aliyeshindwa kufunga kwa maradhi, ale na alipe siku nyingine. Ikiwa Mola ametuhafifishia katika ibada zake mwenyewe, vipi sisi tumkalifishe mgonjwa kwa mahamri ya wageni? Enyi waume na wana, shikeni jiko. Nanyi wageni, chukueni chakula mnapokwenda kuzuru. Mwangalieni mgonjwa macho yake kila asubuhi, na mumuulize bila ya kumwonea haya.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba. Kusubiri ni kuridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu huku tukimwendea tabibu. Kuficha dalili ni kujidhulumu nafsi.

Wabillahi tawfiq.